KUCHAGUA NA KUJARIBU NAKSHI ZA ZAWADI ZA SIKUKUU

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wanachama na viongozi siku ya kutimiza miaka kumi



Waliotangulia kusema hapa wamesema habari za kahawa, na wamesema vizuri. Mimi nimepewa kazi ya kusema habari za uzi. Najua ya kuwa wako kati yenu walioguna walipoliona jambo hili katika orodha ya mazungumzo, wakasema, "Katibu amekosa la kusema hata atuletee habari za maua ya vitambaa?" Siwalaumu. Walakini katika mkutano mkuu uliopita mwanachama mmoja alisimama akauliza swali ambalo mpaka leo halijajibiwa: kwa nini kila mwaka hesabu ya chumba cha vyerehani huonyesha fungu la nguo "iliyotumika kwa majaribio", ambayo haikuuzwa wala haikurudi ghalani? Aliuliza kama chama cha wakulima kina haki ya kuchezea nguo kwa fedha ya buni. Halmashauri itaamua mwezi ujao kama fungu hilo liendelee au lifutwe. Basi yafaa kwanza mjue fungu hilo ni la nini, na mjue pia ni nani aliyelisababisha. Aliyelisababisha ni mimi.

Chumba cha vyerehani kilianza kwa kushona mifuko midogo ya sampuli za kahawa na kutia viraka magunia. Kisha tukashona sare za shule, na baadaye tukanunua cherehani kimoja cha kutarizi, kiendeshwacho kwa kompyuta, chenye sindano moja, kipate kutia beji katika sweta za wanafunzi. Akina mama wenyewe ndio waliogundua ya kuwa mwezi wa Desemba una biashara kuliko beji. Mnajua jinsi huku mlimani kulivyo sikukuu ikikaribia: watoto wetu walioko Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi hurudi nyumbani, barabara hujaa magari, migomba ya ndizi za kupika huangushwa, na kila nyumba hubadili vitambaa vya makochi. Mgeni haji mikono mitupu, wala haachwi aondoke mikono mitupu. Zawadi yenye jina la mtu mwenyewe, hata ikiwa ni taulo tu, hupokewa kwa namna nyingine kabisa na taulo ile ile isiyo na jina.

Desemba ya kwanza tulipokea maagizo ya taulo 30, kila moja na jina la mwenyewe, na kengele mbili chini ya jina. Mama msimamizi wa chumba aliniomba taulo moja ya kuharibu, ajaribu kwanza. Nikamjibu kwa ukali wa mtu mwenye kalamu na muhuri: taulo ni mali ya chama, mchoro tumekwisha kuununua, picha yake ni nzuri, kuna haja gani ya kujaribu? Mama yule ni mkubwa kwangu kwa umri, naye hakunijibu neno. Kazi ikaanza. Zile kengele zilikuwa na upana wa milimita 100, nasi tulitaka nafasi ya jina, basi nikaamuru zipunguzwe ziwe milimita 60. Taulo zilipotoka, kengele zilikuwa ngumu kama ubao. Vinyweleo vya taulo vilikuwa vimechomoza katikati ya mishono, na majina yamezama ndani kama nyayo kwenye majani mabichi. Waliozifua, uzi mwekundu uliwatia damu nguo nyeupe.

Mwanachama mmoja, mjane, alikuwa amemwagizia mwanawe aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi. Jina lilizama hata likasomeka jina la mtu mwingine. Hakuja kudai fedha. Alikuja akaiweka taulo juu ya meza yangu, imekunjwa vizuri, akasema, "Mwanangu Katibu, hii chukua wewe. Mimi nitampikia." Tulirudisha fedha za watu wote, naye pia tulimrudishia, walakini hajaagiza tena kitu chumbani kwetu, wala sijathubutu kumwuliza.

Sasa nieleze kosa lilikuwa wapi, maana mwaka huo nilipokea masomo niliyoyakosa shuleni.

Mchoro wa cherehani si picha. Ni mfululizo wa amri zinazoiambia sindano: nenda hapa, choma; nenda pale, choma; ruka; simama ubadilishiwe uzi. Katika aina moja ya faili ambayo wenye viwanda huitumia sana, iitwayo DST, kila hatua hupimwa kwa sehemu ya kumi ya milimita, nayo faili hiyo haibebi rangi halisi za nyuzi. Ndiyo maana mtu aufunguapo mchoro huo huweza kuona kengele ya buluu na majani ya zambarau, akadhani ametapeliwa. Idadi ya mishono imekwisha kupangwa. Kwa uzi wa namba 40, ulio wa kawaida kwa kazi hii, mistari ya mishono huachana kiasi cha milimita 0.4. Ukiupunguza mchoro bila kupunguza mishono, nafasi hiyo hupungua, lakini uzi haupungui unene. Mimi nilipoitoa kengele kutoka milimita 100 mpaka 60, eneo lake lilibaki sehemu 36 kwa 100 za lile la kwanza, na mishono yote ikalazimika kukaa humo. Kwa hiyo siku hizi hatupunguzi wala hatukuzi mchoro zaidi ya asilimia 10, na ikizidi sana 20. Tukitaka mdogo zaidi, twatafuta uliochorwa kwa kipimo hicho tangu mwanzo.

Na tuje kwenye kuchagua. Michoro ya sikukuu huuzwa kwa wingi na watu wa Marekani na Ulaya, nayo imejaa theluji, kulungu wa nchi za baridi na watu wa theluji wenye pua ya karoti. Theluji sisi tunayo, huonekana kileleni asubuhi kukipambazuka, lakini haijapata kushuka barazani kwa mtu. Tulitarizi kitambaa kimoja chenye mtu wa theluji, na mzee mmoja alikitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama ni mzimu. Kilikaa ghalani mpaka tukakifanyia jaribio la kufua.

Akina mama wakasema, kwa nini tusitafute kilicho chetu? Wa kwanza kutajwa ulikuwa mti wa isale, na mimi nilifurahi sana kwa kuwa jani lake ni refu, laini, rahisi kulitarizi. Tukatengeneza mfano. Mzee mmoja wa Halmashauri, ambaye yupo hapa na atanisamehe, aliushika akacheka. Akatukumbusha ya kuwa isale ndilo jani ambalo mkosaji humpelekea aliyemkosea, kumwomba radhi. "Mkimpa mkwe wangu taulo yenye isale siku ya Krismasi," akasema, "jambo la kwanza atakalouliza ni, umenikosea nini?" Kila mmoja wetu alilijua jambo hilo tangu utoto, na hakuna aliyelifikiri mpaka lilipotajwa. Isale tumeliacha. Tunalo katika faili, kwa yeyote anayetaka kuomba radhi kwa kitambaa.

Lililofanikiwa ni tawi la kahawa. Majani ya kijani kibichi yenye kung'aa na matunda mekundu yaliyoiva ndizo rangi zile zile za Krismasi ambazo wenzetu wa nchi za baridi huzipata katika mti wao wa miiba. Tulimlipa kijana mmoja ayageuze mchoro wa mkono kuwa mchoro wa cherehani. Una rangi tatu tu, na hilo si jambo dogo. Cherehani chetu kina sindano moja. Kila rangi ibadilikapo husimama kikamngoja mtu aje abadili uzi. Mchoro wa mishono 12,000, kwa mwendo wa mishono 600 kwa dakika, hukaa sindanoni dakika 20 kabla ya kuhesabu kubadili nyuzi. Taulo 30 ni saa 10 za sindano peke yake. Mtu akichagua mchoro wa rangi tisa kwa sababu unapendeza, na ahesabu pia ni usiku ngapi fundi hatalala, na umeme ukikatika itakuwaje.

Kuna neno la haki za watu. Mwenye kununua mchoro hajanunua kila kitu. Wachoraji wengine huruhusu uuze nguo uliyoitarizi. Wengine huruhusu matumizi ya nyumbani tu. Na karibu wote hukataza kumpa mtu mwingine faili yenyewe. Hayo huandikwa katika masharti, nayo yafaa yasomwe kabla ya kulipa. Nchi yetu inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Vijana wametuletea maombi mengi ya kutarizi vikaragosi vya sinema na nembo za timu za mpira. Tumekataa, nao wametuona washamba.

Kwa ndugu zetu Waislamu, ambao ni wanachama wenzetu na wanunuzi wazuri, tuliketi na wazee wao kwanza. Walituambia tusiandike aya wala jina la Mungu katika kitambaa cha kufutia mikono au cha kukalia. Mwezi mwandamo na nyota, au ua tu pamoja na jina la mtu na maneno "Idi Njema", vyatosha. Tena mwaka wao hutangulia wetu kwa siku kama 11, basi kazi ya Idi huanza mapema zaidi kila mwaka. Mwaka mmoja mhasibu na mimi tulitumia ratiba ya mwaka uliopita, na Ramadhani ikatukuta hatuna hata uzi wa kijani.

Sasa majaribio, ambayo ndiyo yaliyoulizwa.

Jaribio si kutarizi juu ya kitambaa chochote kilichookotwa. Hapana budi kipande kiwe cha nguo ile ile itakayouzwa, uzi uwe ule ule, sindano ile ile, na kile kitambaa chepesi kama karatasi kiwekwacho chini ili kuishikilia nguo kiwe kile kile. Mchoro uliokaa vizuri kwenye drili hukunjamana kwenye popilini, na huzama kwenye taulo. Nguo ya kufumwa, kama fulana na sweta, huvutika, kwa hiyo kitambaa cha chini kiwe cha aina inayokatwa kwa mkasi na kubaki; kwa nguo iliyosukwa isiyovutika, kile kinachochanwa kwa mkono hutosha. Juu ya taulo huwekwa pia utando mwembamba unaoyeyuka katika maji, ili vinyweleo vilale mishono ipite juu yake. Utando huo ndio ungaliokoa taulo zetu 30. Bei yake ni ndogo hata naona haya kuitaja.

Sindano tunayoanza nayo ni ile iliyoandikwa 75/11; hiyo 75 maana yake ni unene wa milimita 0.75. Sweta na fulana zahitaji ncha ya mviringo, isikate nyuzi za nguo. Uzi wa rangi ya dhahabu, ambao kila mtu huutaka wakati wa sikukuu, ni mkaidi: hukatika, hujikunja, na huhitaji sindano yenye tundu kubwa zaidi, kama 90/14, na mwendo wa polepole. Hapa nakiri ya kuwa mwanachama aliyeuliza swali ana haki kwa sehemu. Mwaka juzi tulijaribu uzi wa dhahabu mara nne juu ya mchoro wenye mistari myembamba, ilhali baada ya mara ya pili ilikuwa wazi ya kuwa hautakubali. Tulishikwa na ukaidi kuliko uzi wenyewe. Vipande vile viwili vya mwisho viliharibika bure.

Kipande kitokapo katika fremu hutazamwa kwanza upande wa nyuma. Katika mshono mpana wa satini, uzi wa bobini uonekane katikati, kiasi cha theluthi moja ya upana. Ukionekana mbele, uzi wa juu umekazwa mno. Usipoonekana kabisa nyuma, umelegea. Kisha hutazamwa mbele. Mishono huivuta nguo kwa upande inakoelekea, kwa hiyo duara la mchoro laweza kutoka kama yai, na mstari wa kuzungushia tunda la kahawa ukaachana na tunda lenyewe. Kama nguo ilifungwa vizuri katika fremu na kitambaa cha chini kinafaa, na bado yai ni yai, kosa ni la mchoro, nao urudishwe kwa aliyeuchora. Usiendelee kwa kutumaini ya kuwa cha pili kitatoka vizuri, cherehani hakijifunzi.

Baada ya hapo ni maji. Twafua kipande mara tatu kwa sabuni na maji ya moto, twakilaza kingali kibichi juu ya nguo nyeupe mpaka asubuhi, tuone kama kimeacha rangi. Nguo ya pamba isiyofuliwa kabla hujikaza, lakini uzi wa polyester haujikazi, ndipo maua yakazungukwa na makunyanzi kama uso wa mzee. Kwa hiyo nguo hufuliwa kabla ya kutariziwa. Kwa taulo na vitambaa vya jikoni twatumia uzi wa polyester, kwa sababu huvumilia dawa ya kung'arishia nguo kuliko uzi wa reyoni, ingawa ule wa reyoni una mng'aro mtamu. Pasi hupitishwa upande wa nyuma, juu ya kitu laini.

Majina nayo yana majaribio yake, ambayo si ya sindano. Asha si Aisha, na Elisabeth wa s hatakubali kuwa Elizabeth wa z hata umpe bure. Mnunuzi mwenyewe huliandika jina daftarini kwa herufi kubwa, akatia sahihi, na fundi hulisoma kwa sauti herufi moja moja. Urefu wa jina pia hutazamwa: Eva ana herufi tatu, Mwanahamisi ana kumi na moja, na fremu yetu ndogo ina milimita 100 tu, basi kila herufi yake hupata milimita 9 pamoja na nafasi. Herufi yenye kimo chini ya milimita 5 huziba macho, a na e zikawa nukta. Jina refu hutiwa katika fremu kubwa, au huandikwa kwa mistari miwili ikiwa mwenyewe aridhia. Mwaka hatuandiki. Tuliwahi kuandika mwaka katika vitambaa vya meza vya kuuza dukani, na vilivyobaki tarehe 2 Januari havikumfaa mtu tena.

Mafundi wa kofia za Unguja, wanaotia nakshi kwa mkono, hawahitaji kuambiwa haya. Mkono wao huona kosa katika mshono wa kwanza ukasimama. Huko Uswisi mwaka 1863 Isaak Gröbli alibuni mashine ya kutarizi yenye chombo cha uzi chenye umbo la mashua ndogo, nayo ikapewa jina la mashua hiyo. Tangu hapo kazi ya siku nyingi imekuwa ya dakika. Na kosa la dakika moja limekuwa kosa la taulo 30.

Bwana Mwenyekiti, nguo yote ya majaribio ya mwaka uliopita, pamoja na ile dhahabu yetu ya ukaidi, haikufika thamani ya zile taulo. Naomba Halmashauri isilifute fungu hilo, bali iliwekee kikomo: majaribio mawili kwa kila mchoro mpya, na la tatu kwa idhini ya maandishi. Naomba pia idhini hiyo itolewe na mama msimamizi wa chumba, isitolewe na Katibu.

Vipande vyote tumevitunza. Vimo katika sanduku la bati pale mezani kwa mhasibu, na nyuma ya kila kimoja yameandikwa jina la mchoro, nguo, sindano, uzi na tarehe. Juu kabisa mtakuta taulo moja iliyokunjwa vizuri. Hiyo tafadhali msiifungue, ina jina la mtu. Daftari la maagizo ya Desemba lipo kando ya sanduku, nalo litafungwa tarehe 15 Novemba saa kumi jioni.